Silikoni, poliyurethani, haibridi au butili: kipi kizibe wapi kwenye gari la kulala

Katika maduka ya vifaa hapa Mtwara mjini, kila kinachokamuliwa kwa bunduki kutoka kwenye tyubu ndefu huitwa silikoni. Ukiomba cha kuziba sinki la bafuni, utapewa silikoni. Ukiomba cha paa la gari, utapewa hiyo hiyo. Na ukimwendea fundi vioo akubandikie kioo cha mbele, ile gundi nyeusi anayotumia, ambayo si silikoni hata kidogo, naye ataiita silikoni nyeusi. Jina moja limebeba vitu visivyo na undugu wowote, na mimi nililipia kosa hilo kwa plaiwudi ya ubavu mzima wa gari.

Gari lenyewe ni Coaster ya zamani ambayo mimi na mjomba wangu tuliigeuza kuwa gari la kulala. Tulitoa viti, tukaweka kitanda, jiko dogo na tangi la maji. Juu ya paa tukafunga tundu la hewa, sola mbili, na reli ya aluminiamu ya kuning'inizia turubai. Msimu wa korosho tunakwenda nalo Tandahimba na Newala, tunakaa huko wiki kadhaa. Msimu ukiisha tunalipeleka Msimbati au Kilwa tukapumzike. Sasa, kila tulichokiongeza kilitaka bati litobolewe, na kila tundu ni mlango wa maji.

Tulipofika kwenye kuziba, mshono wa paa upande wa kushoto tuliuziba kwa silikoni ya dukani. Silikoni ikatuishia hapo. Upande wa kulia fundi bodi akamalizia kwa gundi nyeusi ya vioo iliyokuwa imebaki pale gereji. Hatukukusudia kujaribu chochote, lakini misimu miwili ya mvua ikatufanyia jaribio ambalo nisingeweza kulipanga vizuri zaidi: gari moja, jua lile lile, barabara zile zile, vizibio viwili. Ulinganisho huu unaanzia hapo.

Kizibio kinakutana na nini huku kwetu

Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena katika wiki ya mwisho ya Februari. Ile mara ya kwanza ndiyo mbaya zaidi kwa paa la gari, kwa sababu inaangukia mwisho wa kiangazi. Paa limekauka tangu Juni, kizibio kimechomwa kuliko wakati mwingine wowote, na wiki chache baadaye mvua zinaanza kumwagika juu ya nyufa zilizofunguka jana. Ongeza chumvi inayoletwa na upepo wa kusi kwa anayeegesha Shangani au ufukweni Mikindani, na lile vumbi laini la njia za vijijini Tandahimba linaloingia hata mahali ambapo huwezi kupitisha karatasi.

Halafu kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Reli yetu ina urefu wa mita 3. Paa likipanda nyuzi 40 za joto kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, reli hiyo inarefuka karibu milimita 2.8, wakati bati la chuma lililo chini yake linarefuka milimita 1.4 tu. Tofauti hiyo ya zaidi ya milimita moja hujirudia kila siku ya Mungu, kwenda na kurudi. Kitu kinachokauka kikawa kigumu kama puti kitapasuka hapo hata ukikinunua kwa bei gani. Kwa hiyo unapochagua, swali la kwanza ni hili: kizibio kitakaa wapi? Juani au kivulini? Juu ya ungio au chini yake? Ungio lenyewe linacheza au limetulia?

Kushoto silikoni, kulia poliyurethani

Nianze na kushoto. Baada ya misimu miwili, silikoni yenyewe ilikuwa nzima. Ukiibonyeza kwa kidole inarudi, haijapauka, haina hata ufa. Hili lazima nilikiri, kwa sababu silikoni ni bingwa wa jua. Kati ya vizibio vyote vya bei ya kawaida, hakuna kinachostahimili miale kama yenyewe. Lakini nilipoingiza ukucha pembeni, ikanyanyuka yote kama utepe. Nikaivuta karibu nusu mita bila kutumia nguvu. Ilikuwa haijashika rangi ya gari. Ilikuwa imelala tu juu yake, na maji yalikuwa yanapita chini yake kimya kimya.

Chini ya utepe huo kulikuwa na kutu. Silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki unapoikamua, hutoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo hula chuma na mabati. Mahali ambapo rangi ilikuwa imechubuka wakati wa kutoboa, kutu ilianzia hapo hapo, chini ya kizibio ambacho kazi yake ilikuwa kuizuia. Ipo silikoni isiyonuka siki, inayoandikwa kuwa ni ya aina isiyo na asidi, na hiyo haili chuma. Ukilazimika kutumia silikoni kwenye gari, tumia hiyo.

Hasara kubwa zaidi ilijitokeza tulipotaka kurekebisha. Fundi aliniita gereji akanionyesha.

"Dada, hapa rangi haitakaa."

"Kwa nini, fundi? Si umeshapiga msasa?"

"Nimepiga mara tatu. Ukipuliza rangi inakimbia, inajikusanya pembeni. Hii silikoni imeacha mafuta yake kwenye bati."

Ni kweli. Silikoni huacha utando usioonekana, na juu ya utando huo hakishiki kitu: si rangi, si poliyurethani, na hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Ukishaiweka mahali, umejifunga nayo mpaka utakapokwangua hadi kwenye chuma kitupu. Ndiyo maana nasema kwa uzito: usiweke silikoni kwenye bodi ya gari. Iache kwenye kioo kwa kioo, au ndani kwenye sinki.

Sasa kulia. Ile gundi nyeusi ni poliyurethani, kitu kile kile kinachoshika vioo vya mbele vya magari. Chapa ambayo mafundi wengi wanaijua ni Sikaflex. Ilikuwa imeshika bati kama imezaliwa nalo. Nilijaribu kuinyanyua kwa kisu, ikakatika yenyewe kabla ya kuachia. Hakukuwa na tone la maji ndani upande ule, hata baada ya zile mvua za Mei 2024 zilizokuja na kimbunga Hidaya, wakati barabara ya Kilwa ilipokatika na upepo ulikuwa unapiga maji ubavuni badala ya kuyadondosha.

Lakini uso wake ulikuwa umezeeka. Weusi ulikuwa umegeuka kijivu, ukipitisha kidole kinatoka na unga, na ukitazama kwa karibu kulikuwa na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka kwenye jaruba. Poliyurethani ya kawaida haipendi jua. Nyufa zilikuwa bado za juujuu, hazijafika kwenye bati, ila msimu wa tatu au wa nne zingefika. Na hapa ndipo nilipoona jambo lililonifurahisha sana: kipande cha karibu sentimita 40 kuelekea nyuma, ambako fundi alipitiliza kupuliza rangi ya paa juu ya gundi, hakikuwa na ufa hata mmoja. Poliyurethani inakubali rangi, na rangi ndiyo mwavuli wake.

Kwa hiyo ukilinganisha hizo mbili kwenye bodi ya chuma, mshindi ni poliyurethani, kwa sharti la kupakwa rangi juu. Kizibio kinachozeeka usoni nitakiona na kukirekebisha kabla hakijaniangusha. Kinachoachia kwa chini huku uso wake uking'aa hakinipi dalili yoyote.

Mambo mawili kabla hujainunua. Kwanza soma tarehe. Poliyurethani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na ikikaa muda mrefu kwenye duka lenye joto huanza kuganda ndani ya tyubu. Ikiwa unaikamua kwa mikono miwili na inatoka kwa shida, irudishe. Pili, usilainishe uso wake kwa spiriti. Spiriti huharibu ukaukaji wake, ikabaki inanata wiki nzima. Kusafishia bati kwa spiriti kabla ya kazi ni sawa kabisa, bora uiache ikauke yote. Petroli usiitumie, inaacha mafuta. Vaa glavu, fanya kazi nje penye hewa, kwa sababu ikiwa mbichi ina kemikali isiyofaa kifuani. Inakauka kama milimita 3 kwa siku katika hewa ya wastani, na kwa unyevu wa pwani yetu inaenda haraka kidogo. Bado, ungio nene lipe siku mbili au tatu kabla ya safari.

Butili: ile isiyoonekana

Butili ninayoisema hapa haiji kwenye tyubu. Inakuja kama utepe mnene uliokunjwa na karatasi katikati, unaonata kama ulimbo. Ni ndugu wa mpira wa tyubu za baiskeli, na sifa yake ni ile ile: haipitishi hewa wala maji. Tofauti yake na vyote nilivyotaja ni kwamba haikauki. Miaka inapita na yenyewe bado laini, bado inanata.

Mahali pake ni chini ya kitu, kati ya bati na ukingo wa fremu ya dirisha, chini ya tundu la hewa, chini ya miguu ya sola, chini ya reli. Unaupanga utepe kuzunguka, unaweka fremu, unafunga skrubu kidogo kidogo kwa zamu, na butili inatoka pembeni kama siagi kwenye mkate. Siku inayofuata, jua likishailainisha, unarudi kukaza tena. Mara nyingi skrubu zinakubali robo mzunguko zaidi. Inazunguka kila skrubu na kuifunga, jambo ambalo gundi ya tyubu hailifanyi kwa uhakika. Na ile reli inayorefuka na kufupika? Butili inacheza nayo bila kulalamika.

Ukitaka kulifungua dirisha miaka mitano baadaye, litafunguka. Ukilibandika kwa poliyurethani, utalitoa vipande vipande. Na kama dirisha lako ni la plastiki, poliyurethani inaweza kuliletea nyufa. Hapo butili ndiyo salama.

Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kukaa juani wazi. Ikibaki nje inakusanya vumbi lote la njiani na kwenye joto inateremka. Kwa hiyo ile inayotoka pembeni unaikata kwa kisu cha plastiki, halafu unapitisha kizibio kingine juu ya ukingo. Butili kama godoro, kingine kama shuka. Mwaka juzi ilibidi niagize Dar, ikaja kwa basi. Usingoje mvua ianze ndipo uagize.

Haibridi

Hii ndiyo ninayoiweka juu ya paa sasa. Ni jamii ya vizibio iliyotokea Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwenye tyubu huandikwa MS au haibridi. Inashika bati karibu sawa na poliyurethani, inastahimili jua kuliko poliyurethani, inakubali rangi, haina ile kemikali ya kifuani, na inalainishwa kwa kidole chenye maji ya sabuni. Bei yake ni kubwa kuliko silikoni, na kwa nguvu tupu ya kushikilia bado kioo cha mbele nakiachia poliyurethani. Mengine yote yaliyo wazi juani, haibridi.

Utepe wa lami

Kuna utepe wenye karatasi ya fedha juu na lami chini, wanaozibia mabati ya nyumba. Umeniokoa mara moja njiani, nikiwa mbali na gereji, na kwa hilo naushukuru. Usiuache paani. Lami inalainika, inateremka ubavuni, na siku ya kuitoa utatumia siku nzima kukwangua. Na kama paa lako limevikwa mpira, mafuta ya lami yanauharibu mpira wenyewe.

Mipira ya milango na vioo

Hapa uchaguzi si wa kuziba, ni wa kupaka. Gereji nyingi hupaka grisi au oili kwenye mpira wa mlango uliokakamaa, nao unang'aa siku hiyo hiyo. Mpira wa mlango kwa kawaida ni wa aina isiyopatana na mafuta ya petroli: unavimba, unalegea, halafu unachanika kwenye kona. Mafuta ya nazi, ambayo huku hayakosekani nyumbani, yanakusanya vumbi mpaka mpira unakuwa kama msasa. Kinachofaa ni dawa ya kupuliza yenye silikoni iliyotengenezwa kwa mipira, lakini uipake kwa kitambaa, usipulize karibu na sehemu utakayotaka kupaka rangi au kuziba, kwa sababu ile niliyoisema juu ya utando inahusu na hapa. Ukikosa, osha kwa maji ya sabuni, kausha, paka poda ya kawaida ya mtoto. Poda inazuia mpira usinate kwenye fremu.

Kujua kama mpira umechoka, funga mlango juu ya kipande cha karatasi kisha uvute. Ikitoka bila kukwama, mpira umelala. Zunguka mlango mzima, kwa sababu mara nyingi unalala upande wa bawaba tu. Mpira uliolala hauponi kwa kupakwa chochote, nunua mwingine.

Kukagua: macho, vidole, kisha maji

Nakagua mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na tena Juni mvua zikishaondoka. Ya Oktoba ndiyo ya kazi, kwa sababu bati ni kavu na kizibio kinashika. Ya Juni ni ya kutafuta madhara.

Osha paa kwanza. Paa lenye vumbi halikaguliki, na tukiegesha chini ya mkorosho au mwembe, ambako kivuli kinasaidia vizibio kweli, majani yanajazana kwenye mifereji na maji yanatuama mahali ambapo hayakupaswa. Kisha pitisha vidole kwenye kila mshono. Natafuta unga, nyufa, kona iliyonyanyuka, skrubu yenye kutu. Kona za mbele za paa nazirudia mara mbili, kwa sababu gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye mvua, maji yanasukumwa kwenda juu na kuingia chini ya ukingo ambao gari likisimama hauvuji kabisa. Ndani, bonyeza plaiwudi kwa kidole gumba. Ikiingia, maji yameshakuwapo muda mrefu.

Jaribio la maji nilifundishwa na mjomba, na anayetaka kukosea aanze juu. Mimi nakaa ndani na tochi, yeye anashika mpira wa maji nje, anaanzia chini ya madirisha, anakaa hapo dakika kadhaa, anapanda kidogo, anakaa tena. Ukianza paani, maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mara ya kwanza niliona tone kwenye kona ya kitanda nikapiga kelele kwamba ni dirisha. "Mwanangu, usilitafute tundu hapo panapodondoka," aliniambia. Alikuwa sahihi: maji yaliingilia kwenye mguu wa sola, karibu mita moja na nusu mbele, yakafuata ubavu wa chuma mpaka kitandani.

Kiraka au kubandua yote

Ufa mmoja kwenye haibridi au poliyurethani iliyoshika vizuri pande zote, safisha, piga msasa kidogo, weka mpya juu. Inatosha. Lakini kama kizibio kinanyanyuka, au ni silikoni, au hujui aliyekutangulia aliweka nini, kiraka ni kupoteza tyubu. Bandua mpaka kwenye bati, ondoa kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo uzibe. Tumia kikwangulio cha plastiki kwenye rangi nzima na cha chuma pale tu penye kutu.

Kwa mwenye fedha ya vitu viwili tu mwaka huu, ningemwambia anunue butili na haibridi, aanze na tundu la hewa na miguu ya sola kabla ya kugusa madirisha, kwa sababu maji ya paani hayana pa kukimbilia. Mwenye fedha ya kimoja achukue poliyurethani kwa fundi vioo, yenye tarehe nzuri, na kopo dogo la rangi ya kuifunika. Anayejenga gari upya, na bado hajatoboa bati, anunue butili kwanza.

Upande wetu wa kushoto tulibandua wote Oktoba iliyopita. Kazi ilichukua siku nne, na siku tatu kati ya hizo zilikuwa za kukwangua silikoni. Imebaki kona moja ya mbele ambako rangi bado inakimbia. Fundi anataka kuila kwa msasa mpaka chuma kitupu, na nimemkubalia, ila nimemwomba amalize kabla mnada wa kwanza wa korosho haujatuita Tandahimba.